Jina la mtoto ni jambo moja, nafasi ya baba katika cheti ni jingine

Mwanamke aliyejifungua bila ndoa hapa Malindi huulizwa maswali mawili kabla hajatoka wodini: baba ni nani, na mtoto ataitwa nani. Karani mwenye fomu ya kuarifu uzazi huyauliza kwa pamoja, na jamaa waliokuja na uji huyajibu kwa pamoja pia: mtoto ni wa baba, basi apewe jina la baba. Mama akikataa, akamwandikisha mwanawe kwa jina la upande wake, husemwa kwamba anamkomoa mwanamume au anamnyima mtoto asili yake. Shutuma hiyo haimstahili. Imetokana na kufanya kitu kimoja mambo mawili ambayo sheria imeyatenga, na ambayo hata dini haiyaoni kama yanavyosimuliwa barazani.

Kwa miaka mingi kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilizuia jina la baba kuandikwa ikiwa wazazi hawakuoana, isipokuwa wote wawili waombe kwa pamoja, na ndiyo sababu vyeti vya watoto wengi vilitoka na alama za X mahali pa baba. Mnamo Mei 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, ambayo katika Ibara ya 53 inawapa mama na baba wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Wengi waliusikia uamuzi huo kana kwamba sasa mtoto lazima abebe jina la baba. Sivyo. Uliihusu ile sehemu ya cheti inayomtaja baba, wala haukumwamuru mzazi yeyote amwite mwanawe kwa ukoo fulani. Mtoto anaweza kuwa na baba aliyeandikwa waziwazi katika cheti, na bado akaitwa kwa upande wa mamake.

Wanaotetea jina la baba wana hoja nzito. Ya kwanza ni hofu ya ndugu wa baba mmoja kuoana bila kujua, na katika mji mdogo kama Lamu, ambako Mkomani na Langoni ni mwendo wa dakika chache, hofu hiyo si ya kubuni. Ya pili ni urithi: Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka huku huku pwani, kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe mirathi ya baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo tu. Ni haki yao kujulikana. Lakini zote mbili zinatimizwa na jina la baba kuwemo katika cheti, hata kama mtoto haitwi kwalo. Inayobaki ni kwamba watu hawatembei na vyeti. Husikia jina linaloitwa. Hilo nalikubali, na ndilo linalofanya suala hili lisiwe jepesi.

Kwa upande wa dini, aya ya 5 ya Suratul Ahzab, inayoagiza watu waitwe kwa baba zao, hutajwa kila mara. Aya hiyo iliteremka kuhusu watoto wa kulea, kama Zayd bin Haritha, ili wasinasibishwe na waliowalea. Ama mtoto wa nje ya ndoa, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa sana pwani yetu, hayamnasibishi na mwanamume hata akikiri. Nasaba yake ni kwa mama. Wako wanazuoni walioona vingine, akiwemo Ibn Taymiyya, aliyekubali mwanamume amdai mtoto ikiwa mama hakuwa mke wa mtu. Hata hivyo, mama wa Lamu anayemwita mwanawe kwa upande wake hajaasi. Amefuata msimamo anaofundishwa madrasa. Desturi ya Wagiriama wa Ganda na Kakoneni nayo haiko mbali na hapo: mahari yasipotolewa, mtoto huhesabiwa wa kwa babu mzaa mama.

Taabu halisi ya jina la upande wa mama iko kwenye makaratasi, na ndiyo inayonishughulisha zaidi. Majina yetu ni mnyororo: la mtoto, la baba, la babu. Tuseme mama anaitwa Mwanaisha Athumani Omari. Akimwandika mwanawe Salim Athumani Omari, kama wafanyavyo wengi kwa nia njema ya kumsitiri, basi kwa yeyote anayeyasoma majina hayo Salim ni mdogo wake Mwanaisha. Babu amekuwa baba. Mwalimu mkuu atauliza kwa nini dada ndiye anayekuja mikutano ya wazazi. Siku mzee Athumani akifariki, majina hayo yatamwonyesha Salim kuwa mwana wa marehemu, mwenye fungu la mwana, na hali mtoto wa binti hana fungu kama hilo katika mirathi ya Kiislamu. Wajomba wanaolijua hilo huanza kumtazama mtoto kwa jicho baya angali mdogo, kwa kosa ambalo si lake wala si la mamake, bali la kutafuta sitara kwa kuuvunja mnyororo.

Kwa maoni yangu, jina linalofaa ni Salim Mwanaisha Athumani. Hapo mnyororo unasema kweli: Salim ni mtoto wa Mwanaisha, na Mwanaisha ni binti Athumani. Hujibiwa kwamba jina la kike katikati litamtangaza mtoto. Litamtangaza, ndiyo, kwa watu walioamua kwamba kuitwa kwa mama ni aibu, na hali wao wenyewe humtaja Nabii Isa bin Maryam kila siku. Wakisema Isa hakuwa na baba, yuko Muhammad bin al-Hanafiyya, mwana wa Ali bin Abi Talib, ambaye babake alijulikana na kila mtu, naye historia ikamkumbuka kwa mamake.

Mwanamume akija mwenyewe, akatia sahihi na kulea, sioni sababu ya wazazi kutokubaliana mtoto aitwe kwa jina la baba huyo, na sheria inaruhusu jina la mtoto libadilishwe katika rejista ndani ya miaka miwili tangu kuandikishwa. Kigumu ni pale anapokana. Neno la mama peke yake halitoshi kuijaza nafasi ya baba, na kuiomba mahakama iamuru kipimo cha DNA kunataka ada, wakili na safari nyingi. Kwa mama wa Faza au Kizingitini kunataka pia nauli ya mashua hadi Lamu, mtoto akiwa mgongoni, kila kesi inapoahirishwa. Jamaa wanaomshinikiza wodini aandike jina la mwanamume wangemfaa zaidi wakichanga nauli hiyo.