Ile sauti ya bodaboda mnayosambaziana, na mimi nina la kusema

Sauti inayozunguka kwenye magrupu ya Mtwara tangu juzi ni ya swahiba wangu wa bodaboda, anasimulia mimi fundi kompyuta nilivyoumbuka ghalani mbele ya wakulima, na kabla haijavuka kwenda Lindi naomba nami nipewe kipaza sauti. Kwanza, sikukimbia. Pili, sikulia, jasho liliniingia machoni. Tatu, habari ya mbuzi ni ya kweli, nitaifikia.

Mjomba wangu ni mjumbe wa bodi kwenye chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho upande wa Nanyamba. Jina la chama nakaa nalo mwenyewe. Msimu wa korosho umeshika kasi, minada inaendelea, na umeme ukakatika wakati laptopu ya karani iko katikati ya kujisasisha, betri yenyewe ilishakufa siku nyingi. (Mtwara tunatoa gesi inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar, ila hilo tuliache, leo siyo siku yake.) Tangu hapo Windows ikawa inawaka, inazunguka, inajizima, inawaka tena.

Ndani ya laptopu kuna orodha. Asiyelima korosho haelewi maana ya neno hilo. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mzigo unaupeleka leo, unapimwa, unaondoka, unauzwa mnadani, na hela inakuja baadaye kwenye akaunti. Katikati hapo kinachokuunganisha na hela yako ni maandishi: kilo ngapi, daraja la kwanza ngapi, la pili ngapi, akaunti ipi. Basi mjomba akasimama kwenye kikao akasema, "Ondoeni shaka. Mpwa wangu kasomea mambo haya."

Sikusomea. Nilijifunzia kibandani. Lakini mjomba wa huku kwetu akishasema, wewe nani?

Na kusema kweli sikuwa na wasiwasi, kwa sababu ya flashi yangu. Wateja wangu mnaijua, ile iliyopasuka ganda nikaifunga kwa mpira wa kufungia hela. Ndani kuna Linux Mint 21, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, niliichoma (yaani niliiandika kwenye flashi) 2022 ilipotoka. Unaichomeka, unaiambia mashine ianzie kwenye flashi badala ya diski, Mint inafunguka yote bila kusakinishwa, unaingia kwenye diski ya Windows unachukua mafaili yako, kwaheri. Imeokoa laptopu za walimu, imeokoa picha za harusi ambazo bwana na bibi harusi wenyewe walishaachana. Tangu niichome sijawahi kuigusa. Kitu kinafanya kazi, unakigusia nini?

Nilitarajia kukuta chumba, meza na karani. Nikakuta mkutano. Laptopu imewekwa juu ya meza katikati ya ghala, pembeni ya mizani, wazee wamekaa kwenye mabenchi, akina mama juu ya magunia matupu, wengine wamejaa mlangoni hadi chini ya mkorosho huko nje. Mwenyekiti akanitambulisha: "Mtaalamu kutoka mjini." Mjomba akavuta koti lake akalinyoosha. Kijana mmoja wa kidato cha nne akaja akasimama begani kwangu. Kazi yake, na sijui nani alimwajiri, ilikuwa kuwasomea wananchi kila kitakachotokea kwenye kioo.

Nikachomeka flashi, nikawasha, nikabonyeza F12, kitufe cha kuchagua mashine ianzie wapi. Hakuna kitu. Nikazima, nikawasha, nikaibonyeza F12 mfululizo hadi karani akaanza kuihurumia kibodi. Windows ileile, inazunguka. Nikachomoa flashi, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati, nikahamia tundu la upande wa pili. Mafundi wenzangu mnajua kwamba kupuliza flashi hakusaidii lolote, lakini mnajua pia kwamba mbele ya watu lazima mkono ufanye kitu.

"Inapulizwa," kijana akawatangazia wa mlangoni.

Kumbe baadhi ya laptopu zinakuja na menyu ya F12 imezimwa kutoka kiwandani, mpaka uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, kwa F2 uiwashe. Nikaingia, nikaiwasha, nikatoka. F12 tena: orodha ikafunguka, na flashi yangu hiyo pale, mstari wa pili. Hapo nikafanya jambo ambalo swahiba ameliigiza kwa sauti na mnalicheka hadi leo. Nikageuka kwa wananchi, nikainua kidole juu, nikasema, "Sasa tazameni," nikakishusha kwenye Enter.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi. Ghala zima likanyamaza, nasikia panya kwenye magunia. Halafu juu kabisa, upande wa kushoto, yakatokea maandishi meupe madogo, mistari miwili tu. Nikayaona kabla ya kijana. Nikasogeza kichwa nimzibe. Kijana akapita kwapani.

Nyie, mimi nimeona makosa mengi ya kompyuta. Kwa kawaida kompyuta ina adabu, inakupa namba na herufi unabaki na siri yako. Hii haikutoa namba. Ilisema kwamba ukaguzi wa kitu kiitwacho SBAT umekwama, sera ya usalama imevunjwa, kisha ikaongeza kwa Kiingereza chepesi kabisa cha shule ya msingi kwamba kuna jambo limeharibika vibaya sana.

Na kijana, Mungu amjalie ufaulu, akainua sauti: "Kompyuta inasema KUNA JAMBO LIMEHARIBIKA VIBAYA SANA."

Na hapohapo, sijagusa kitu, mikono yote miwili hewani, laptopu ikajizima yenyewe. Pwi.

Bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa na kanga mbili akauliza polepole, "Limeharibika kabla hujaja, au ulipokuja?"

Sikuwa na jibu. Nikamtazama mjomba. Mjomba alikuwa ameshavua kofia, anaitazama kwa ndani kana kwamba maelekezo yameandikwa humo. Wakati huohuo habari inatoka nje. Naisikia inavyotembea. Mlangoni: "Imeharibika vibaya sana." Kwenye ngazi: "Orodha imeharibika." Chini ya mkorosho: "Korosho zimeharibika." Barabarani, alipokuwa swahiba na pikipiki yake: "Hela hamna, wamemkamata mtu wa kangomba kutoka mjini," yaani mlanguzi wa korosho. Hapo ndipo akaanza kurekodi. Mjue mlichosikiliza.

Nikasema, "Ni kawaida, inajipima." Nikawasha tena, F12, Enter, safari hii bila kidole. Mistari miwili ileile. Kijana hakuwa na haja ya kuirudia, lakini akairudia. Pwi.

"Imesisitiza," mzee mmoja akasema.

Jamani, hebu niwaeleze kilichokuwa kinatokea, maana mnanidai. Flashi haikuwa mbovu. Kompyuta za siku hizi zina mlinzi mlangoni aitwaye Secure Boot: kabla kitu hakijawaka anakagua sahihi yake. Linux inapita kwa programu ndogo yenye sahihi inayotambulika, inaitwa shim. Zile shim za zamani ziligundulika zina matundu ya usalama, kwa hiyo Agosti 2024 masasisho ya Windows yakaziandikia mashine nyingi agizo jipya ndani kwenye ubao mama, ndiyo hiyo SBAT: shim ya toleo la chini ya hapa isipite. Agizo halikai kwenye diski, kwa hiyo hata Windows ikifa lenyewe lipo. Laptopu ya karani ilikuwa imesasishwa vizuri kuliko yangu. Flashi yangu ya 2022 ilifika na kitambulisho kilichofutwa. Ukiwa na Mint, au Linux nyingine kama Ubuntu, ya zamani kwenye flashi yako, ichome upya leo kwa toleo jipya, usisubiri uitwe ghalani.

Mtandao wa kupakua toleo jipya hapo ulikuwa wa kuhesabu matone. Njia iliyobaki ni kumzima mlinzi. Nikarudi BIOS, nikakuta Secure Boot imefifia, haichaguliki. Mashine za aina hiyo hazikuruhusu mpaka kwanza uweke nenosiri la msimamizi. Na mimi kichwa kilikuwa kimeisha. Majina yote duniani yalinitoka, nikasema kwa sauti, bila kukusudia, "Niweke neno gani?"

Ghala likachangia. Mmoja akasema korosho, mwingine akasema mwenyekiti, mwenyekiti akakataa. Bibi wa kanga mbili akasema, "Andika Sijaona."

"Nani huyo, bibi?"

"Mbuzi wangu."

Kura hazikupigwa lakini alishinda. Nikaandika sijaona, kijana akalisoma kwa sauti herufi moja moja nikiliandika, na tena nilipolithibitisha. Secure Boot ikakubali kuzimwa. F12, Enter, na nembo ya kijani ya Mint ikatokea taratibu. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanamsubiri kijana. Diski haikuwa imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, hilo nalo ningelipata ningehamia Msumbiji kwa miguu. Nikanakili mafaili yote, Windows tukairekebisha jioni, basi.

Ah, na ile orodha. Karani akaifungua, akaikodolea, akasema hii ni ya msimu uliopita. Ya msimu huu hakuwahi kuiingiza, iko kwenye kaunta buku. Kaunta buku liko wapi? Tukainua laptopu. Alikuwa ameiwekea chini ipate hewa.

Mjomba hakusema neno mpaka barabarani. Nilipewa ming'oko ya kuchemsha na korosho nusu ndoo, nusu ya hiyo nusu akala swahiba njiani, huku anatuma ile sauti.

Jana kanipigia fundi wa Masasi. Karani kamwita yeye safari hii, kuweka betri mpya na kurudisha mipangilio ya BIOS. Sikumwonyesha kama nimeumia.

"Kaka, samahani, hapa inadai nenosiri. Uliweka nini?"

"Sijaona."

"Hujaona nini? Si ndiyo wewe uliyeweka?"

"Ndiyo. Sijaona."

Akakaa kimya kidogo. Nikasikia kwa mbali, upande wake, sauti ya bibi: "Mwambie asimalizie salio, aje aniulize mimi."