Tajiri, Canter na mashine ya volti 128

Canter iliingia gereji Isevya, hapa Tabora, imebeba ndoo za asali za kupeleka Urambo, tairi la nyuma kushoto limekaa chini kabisa. Utingo alikuwa bado anatafuta jeki, tajiri akashuka na sanduku jipya.

"Leo hakuna mtu kuning'inia kwenye spana. Sayansi imefika."

Ndani mlikuwa na mashine ya betri ya kufungulia nati, ubavuni imeandikwa 128VF. Vijana wakaizunguka kama bibi harusi. Mimi nikainua betri: nyepesi mno. Volti 128 mle hazimo. Betri za mashine hizi kwa kawaida ni seli tano zilizofuatana, kila moja volti 3.6, jumla 18. Zikijaa pomoni zinafika 21. Ndiyo maana mashine ya "18" na ya "20" za makampuni makubwa ni ndugu: mmoja kahesabu betri ikiwa kazini, mwingine ikiwa imejaa, kwa makadirio. Hiyo 128 ni mapambo tu.

Cha kuangalia dukani ni nguvu ya kufungua kwa nyutoni-mita (Nm), ukubwa wa ule mraba wa mbele unaochomekwa boksi, na ampea-saa (Ah) za betri, yaani umeme inaoweza kubeba. Betri ya 2 Ah ukiibandika kwenye mashine kubwa, inaishiwa pumzi mapema. Chukua ya 4 au 5. Nati za Noah, boksi (kikombe cha chuma kinachovaa nati) namba 21, hukazwa kwa Nm 103 hivi, na zikila kutu zinadai mara mbili yake au zaidi. Kwa hizo, mashine ya mraba wa nusu inchi yenye Nm 300 za kweli inatosha, na mota isiyo na kaboni (brashi za ndani zinazosagika) ni bora ukipata hela. Lakini nati ya nyuma ya Canter ni namba 41, na inakazwa karibu mara nne ya ile ya Noah.

"Tajiri, huku ni kazi ya mraba wa robo tatu ya inchi. Hiyo ni nusu inchi."

"Nina adapta."

Kweli alikuwa nayo, kiungio cha kutoka nusu inchi kwenda robo tatu, inang'aa kama kijiko. Hapo nikarudi nyuma hatua moja. Vifaa vinavyong'aa ni vya kromu, vya kuzungusha kwa mkono. Ukivigonga kwa mashine vinapasuka. Vya mashine ni vyeusi na vina kuta nene. Tena kila kiungio unachoongeza kinakula nguvu njiani.

Tajiri akaivisha nati boksi, akabonyeza. Ta-ta-ta-ta-ta! Kuku wa jirani wakahama.

Sasa, Canter nyingi za zamani za Kijapani stadi (bolti za gurudumu) za kushoto zina meno ya kinyume, ili gurudumu likizunguka kwenda mbele nati zisijilegeze. Kichwani mwa stadi imegongwa herufi L. Nati hizo zinafunguliwa kwa kufuata mshale wa saa. Utingo anajua hilo hata usingizini. Tajiri spana alikuwa anaiona kwenye risiti tu, na kitufe cha mashine alikuwa amekiweka upande wa kufungua gari la kawaida. Kwa hiyo alikuwa anakaza.

"Bosi, hiyo ni L!" utingo akapiga kelele.

"L wanabandika wanafunzi wa udereva! Mimi leseni ninayo!"

Ta-ta-ta-ta. Harufu ya mota ikaanza kutoka. "Imeshika kweli hii," tajiri akasema, jasho linamtiririka, akaegemea kwa kifua.

Pah! Adapta ikakatika shingoni. Boksi namba 41, chuma kizito, likaanguka, likabiringika taratibu mpaka kwa mama lishe, likatumbukia kwenye beseni la sahani. Mama lishe akalitoa, likidondoka maji, akaliangalia juu na chini.

"Na huyu anakula wali au ugali?"

Kilichomwokoa tajiri ni uongo wa sanduku. Mashine ile ingekuwa na nguvu zilizoandikwa, stadi ingekatika, na hapo ni kuvua habu nzima, yaani kitovu cha gurudumu. Kumbe nati hata haikusogea. Tulihakikisha gari limekaa chini, breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya tairi, tukachomeka spana na bomba refu, vijana wawili wakasukuma kufuata saa. Kraa! Moja baada ya nyingine zikaachia.

Wakati wa kurudisha, nati zinaanzwa kwa vidole mpaka zikolee, kisha zinakazwa kwa kuruka, ya huku na ya mkabala wake, na mwisho spana ya kupimia toki, yaani nguvu ya kukaza. Mashine isipewe neno la mwisho. Nikamwambia dereva akifika Urambo ashuke azikague tena.

Ili kumpoza tajiri, nilimtolea kipande cha adapta kwenye mashine, tukaijaribu kwenye teksi ya Noah kwa boksi jeusi. Nati tano, kufumba na kufumbua. Tabasamu likarudi. Akaiweka mashine kiti cha mbele. Utingo akapanda juu ya asali.

"Kumbe kushoto ni L," tajiri akasema akifunga mlango. "Na kulia?"

"R, bosi."

"R ya nini?"

"Rudisha mashine dukani."