Chaza Analiwa Salama, Lakini Anazaa?

Kila likizuka suala la metali kwenye maji ya pwani, jibu huwa lile lile: chaza wamepimwa, kadimiamu na risasi ziko chini ya kiwango, kuleni. Kwa mlaji jibu hilo linatosha. Ila viwango hivyo viliwekwa kumlinda anayekula. Hali ya chaza mwenyewe ni swali jingine.

Chukua shaba. Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 2 katika lita moja ya maji ya kunywa. Sasa shaba ya lita hiyo moja itawanye kwenye lita 100 za maji safi ya bahari: imebaki maikrogramu 20 kwa lita, na bado inatosha kuharibu mabuu wengi wa chaza. Buu hujenga gamba lake la kwanza ndani ya siku moja au mbili, lenye umbo la herufi D. Kwenye hadubini, aliyeguswa na shaba huonekana gamba limekunjamana na nyama imetokeza nje. Huyo hafiki kwenye mwamba, wala hakuna atakayemkosa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona. Mama yake yuko palepale, hai, na akipimwa anafaulu.

Ghuba ya Arcachon, Ufaransa, ililipia somo hili. Katika miaka ya 1970 rangi za boti zenye TBT, sumu iliyotengenezwa kwa bati ili viumbe wa baharini wasiote kwenye chombo, zilivimbisha magamba ya chaza, na mabuu wakapotea msimu hadi msimu. Mwaka 1982 rangi hizo zikapigwa marufuku kwa boti fupi kuliko mita 25, na mabuu wakarudi. Katazo la kimataifa lilianza kazi 2008. Nafasi ya bati ikachukuliwa zaidi na shaba.

Wanaoitetea shaba wana hoja nzito. Chombo kilichoota magamba na mwani hula mafuta mengi, na hubeba viumbe wageni toka bandari hadi bandari. Wazee wetu walipaka deheni ya chokaa na shahamu, lakini meli ya makontena haipakwi deheni. Tena maji ya mikokoni yana mabaki ya majani yanayoikamata shaba na kuipunguza makali. Na kweli, chaza mkubwa huihifadhi shaba nyingi mwilini akaishi, ingawa kazi hiyo humla nguvu ambazo angezitumia kukua na kuzaa.

Yote hayo yanamhusu mkubwa, au maji ya mikokoni. Hayamgusi buu anayeelea karibu na mahali boti zinapokwanguliwa, vumbi la rangi likianguka majini. Akina mama wanaobandua chaza miambani wakati wa bamvua wakisema wamepungua, wataambiwa wamevuna kupita kiasi, na huenda ni kweli pia. Basi vitundikwe vigae majini, vingine karibu na gati na vingine mbali, tuhesabu chaza wachanga wangapi wameshika.