6.5 Creedmoor ama .308 kwa kulungu: watu wanapimana risasi, bega hawaliulizi

Shemeji kanipigia simu wiki iliyopita, hata salamu hazijaisha anauliza ninunue 6.5 Creedmoor ama .308, yani bunduki ya kuwindia ya risasi ipi kati ya hizo mbili. Anaishi huku Pennsylvania kama mimi, darasa la usalama wa silaha kamaliza, leseni anayo, na dada yangu naye kasema mwaka huu hakai nyumbani kungoja watu na sufuria, anaingia msituni zamu kwa zamu na mumewe. Kwa hivyo bunduki ni moja na mabega ni mawili.

Kwa walio nyumbani, Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo wengi wetu huu mchezo tumejifunzia ugenini tukiwa watu wazima. Hatukurithi bunduki ya babu, na ubishi wa babu pia hatukurithi, ila tukifika kambini tunaukuta umekaa tayari kwenye kiti. Upande mmoja kuna wazee wa .308 wanaosema 6.5 ni risasi ya vijana wa intaneti, yani mtu kanunua bunduki kama anavyonunua viatu, kisa wengine wanavyo. Upande wa pili kuna hao vijana wenyewe wanaokwambia .308 ni ya makumbusho, inaanguka kama jiwe, hawajui hata wanalinganisha na nini.

Niseme mapema nimeelemea wapi, nisije nikajifanya hakimu. Mi nina .308, na kulungu wangu wote nimewapata nayo. Lakini naona 6.5 inaonewa, na wanaoionea zaidi ni mashabiki wake wenyewe kwa sababu wanaitetea kwa kitu ambacho sicho.

Utetezi wao ni huu, eti 6.5 inaruka imenyooka. Sawa, tuangalie. Chukua risasi mbili za kawaida dukani, 6.5 yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greni 143, yani kama gramu 9, inayotoka kama futi 2,700 kwa sekunde, na .308 ya greni 150 yenye kichwa kilichochongoka vizuri inayotoka kama futi 2,820. Zote mbili zipangie darubini yadi 200, yani umbali huo zigonge palepale unapolenga. Ukienda yadi 300, ambazo ni mita 270 na kitu, zote zimeshuka karibu inchi 8. Tofauti yake haifiki inchi moja! Na kulungu wa huku, huyu mwenye mkia mweupe, sehemu ya moyo na mapafu ni upana wa sahani ndogo, sentimita 20 hivi. Sasa hiyo inchi inakusaidia nini? Halafu misitu ya Pennsylvania ilivyojaa miti, mtu anayeona yadi 300 mbele yake labda kapanda juu ya mnara wa simu. Mi kulungu wangu wa mbali kabisa nilimpiga hatua mia na kidogo.

Upepo ndo 6.5 inashinda kweli, kichwa chake ni kirefu na chembamba, upepo haukisukumi sana, na mwendo hakiupotezi haraka. Ikitoka mdomoni .308 ina nguvu zaidi, halafu mahali fulani kati ya yadi 200 na 400, kutegemea umeweka kichwa gani, 6.5 inaifikia na kuipita. Na si ajabu, risasi yenyewe ilitengenezwa na Hornady 2007 kwa watu wa kulenga shabaha za mbali, hata jina limetoka kwenye uwanja wa shabaha wa zamani kule Queens, New York, uliofunguliwa miaka ya 1870 (siku hizi mahali pale ni hospitali ya wagonjwa wa akili, na wazee wa .308 utani huo hawauachi hata siku moja). Lakini mwindaji wa msitu wa mialoni upepo anaukutia wapi?

Upande wa .308 nao tuusikilize, manake wazee hawajachanganyikiwa. Hii kitu imetoka 1952, miaka miwili baadaye majeshi ya NATO wakachukua ndugu yake wa kijeshi, 7.62, na tangu hapo hakuna duka la bunduki Marekani ambalo halina boksi lake. Hata duka la kijijini linalouza na minyoo ya kuvulia samaki, .308 utaikuta. Na ziko za bei rahisi za kufanyia mazoezi, na ziko vichwa vya kila aina na kila uzito. Kwenye bunduki ya mtutu mfupi haipotezi mwendo mwingi, na tundu inaloacha kwenye mnyama ni kubwa zaidi. Hapa kwenye tundu ndo wazee wanapokaza sauti, wanasema tundu kubwa linamwaga damu nyingi, damu nyingi ni rahisi kufuata kwenye majani. Kweli, lakini pima uone, .308 kipenyo ni milimita 7.82, 6.5 ni 6.71. Milimita moja na kitu. Sarafu ya senti kumi ya Marekani ni nene kuliko hiyo tofauti. Halafu vichwa vya kuwindia vinafunguka vikiingia nyamani, kwa hivyo kilichoingia chembamba hakitoki chembamba.

Na wale wanaosema 6.5 ni ndogo kwa kulungu, hapa mi huwa natamani kucheka. Waswidi wana 6.5 yao ya zamani, 6.5×55, ya tangu 1894, na wamekuwa wakiangusha nayo moose, yule mnyama wao mkubwa mwenye pembe kama makoleo, anayefika kilo 400 na zaidi. Kwetu pia historia ipo. Kulikuwa na Mskoti mmoja, W.D.M. Bell, watu walimwita Karamojo kwa sababu ya kukaa sana Karamoja huko Uganda, aliua ndovu zaidi ya elfu moja na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, na 6.5 ya Mannlicher pia aliitumia. Sisemi hayo mauaji ni ya kujivunia, na sisemi mtu amuige, na risasi zake zilikuwa ngumu zisizofunguka, mambo mengine kabisa. Nasema tu jamaa alikuwa anapasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. Alihangaika na mahali pa kupiga, unene wa risasi ulikuwa mbali kwenye orodha yake.

Na mahali pa kupiga ndo panapotuleta kwenye bega.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya teke, yani bunduki inavyokusukuma bega ikifyatuka, kwa juli, kipimo cha nguvu. Bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini, ukitia 6.5 ya greni 143 teke linakuja kama juli 16. Bunduki hiyohiyo ukitia .308 ya greni 150 ni kama 20, na ukiweka ile ya greni 168 inafika 21. Yani 6.5 inapunguza kati ya moja ya tano na robo. Mtu atasema juli nne ni nini, na mwanaume mwenye kilo 90 aliyezoea pengine hatazisikia kabisa. Lakini wewe fikiria mtu mgeni kwenye meza ya mazoezi, risasi ya kwanza, ya tano, ya kumi na tano. Ya kwanza haimuumizi. Ya kumi na tano mwili wake umeshajua kinachokuja, na mwili haukuulizi, unajikaza wenyewe, jicho linafumba, kidole kinanyakua badala ya kuvuta polepole, na mdomo wa bunduki unainama kabla risasi haijatoka.

Najua kwa sababu nilifanyiwa. Mzee mmoja wa pale uwanjani aliniona napiga chini chini kila mara, akaniambia nipe hiyo bunduki, akawa ananijazia yeye, mara anatia risasi ya kweli mara anatia ya bandia isiyo na baruti, mi sijui ipi ni ipi. Ya pili ilikuwa ya bandia. Nikavuta, ikalia tik, na mtutu ukainama mbele ya watu kama mtu anayesalimia wakwe. Aibu yake mpaka leo. Na mi nilikuwa nashinda nasema darubini ndo mbovu, hata nilishaanza kuulizia bei ya nyingine.

Sasa hilo kosa ulipeleke msituni. Sentimita 20 za sahani, mtutu umeinama kidogo tu, risasi imepita chini ya moyo ama imeingia tumboni. Mnyama wa tumboni haanguki. Anakimbia, anavuka ua wa jirani, saa kumi na moja jioni ya Desemba giza limeshaingia, wewe unaenda kugonga mlango wa mtu usiyemjua, ngozi yako ndo hii na rangi ya machungwa umevaa mwili mzima, unaomba ruhusa ya kutafuta kulungu kwenye shamba lake. Ukimpata asubuhi nyama imeshaharibika. Na kwa sisi wa pwani tunaotaja jina la Mungu kabla ya kuvuta na tunataka tumfikie mnyama na kisu kama bado ana uhai, kulungu aliyepotea usiku kucha tumeshamkosa hata tukimpata. Hayo yote juli nne zinaweza kuyaleta, na milimita moja ya tundu haiwezi kuyazuia.

Ndo maana nasema mashabiki wa 6.5 wanaiharibia wenyewe. Wakiacha habari za yadi elfu moja wakasema tu kwamba ni risasi isiyokutisha, na kwa hivyo utafanya nayo mazoezi mengi, na kwa hivyo utapiga unapotaka, wazee wangekosa la kujibu.

Lakini kuna mtego, na wauzaji hawakutajii. Teke linategemea uzito wa bunduki kama linavyotegemea risasi. Siku hizi wanauza bunduki nyepesi kweli za kupandia milima, ukiishika unafurahi, kilo 2.7 na darubini juu. Tia 6.5 humo, teke linarudi kwenye juli 21 na kitu. Yani umenunua risasi ya upole ukaiweka kwenye bunduki nyepesi ukapata teke lilelile la .308 iliyokaa kwenye bunduki nzito, na hela umeongeza. Watu wengi ninaowasikia wakisema 6.5 nimeijaribu sikuona tofauti, ukiwauliza bunduki gani, ni hiyo. Na kinyume chake ni kweli, .308 nzito yenye mpira mzuri kwenye kitako inapigika vizuri tu, na ziko .308 zilizopunguzwa makali, vichwa vya greni 125, kwa wanaoanza. Hilo lazima niliseme hata kama linapunguza hoja yangu.

Kwa hivyo aliye na .308 tayari, na karatasi yake ya shabaha inaonyesha matundu yamekaa pamoja, sioni kwa nini auze. Mi yangu siuzi. Anayeishi mbali na mji, duka lake ni moja tu, naye bora .308, manake risasi usiyoipata wiki ya msimu haina kazi hata ikiwa nzuri namna gani. Anayewinda nyanda za wazi za magharibi, Wyoming huko, upepo haukati, hapo 6.5 inajitetea yenyewe. Na aliye Ohio asijisumbue na huu ubishi, kule rifle ya kulungu lazima iwe ya ganda lililonyooka, hizi zetu zote mbili zina shingo nyembamba haziruhusiwi.

Lakini mtu anayeanza, hana bunduki, hana bega lililozoea, na bunduki yenyewe itashikwa na watu wawili ambao mmoja ana kilo 58? Nilimwambia shemeji nunua 6.5, na usinunue ile nyepesi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema lakini rafiki zake wa kazini wote wana .308, watamcheka. Nikamwambia waambie ni ya mkeo.

Jumamosi wakaenda dukani wote wawili. Wamerudi na 6.5, kilo 3.4 kabla ya darubini, na boksi mbili za mazoezi. Dada katuma picha ya karatasi ya kwanza, matundu matano yamefunikika na kifuniko cha chupa ya soda. Ya shemeji bado sijatumiwa.