Siri Yangu Iko Salama kwa Mama wa Kabini

Jamani, mimi ni mtu mzima. Nina bibi, nina watoto watano, nina funguo za stoo ya simenti mfukoni, na kanisani nakaa safu ya pili. Mtu wa namna hii hastahili kuamshwa na telefone inayomwambia: "Bonjour Papa Dodo, kumbe uko muzima!"

Aliyeandika ni yule Papa wa mabati, anayenidai. Mnaonijua mnajua. Miezi minane namkwepa kwa ustadi: nimebadilisha njia ya kazini, nimebadilisha misa, kule WhatsApp nimezima zile alama za buluu. Nilikuwa nimekaribia kabisa kuingia katika hesabu yake ya marehemu.

Kosa ni la mtoto wa dada yangu, msomi wa mambo ya kompyuta. Juzi alilala kwetu, akala bukari, ugali wetu, na kwa shukrani akaniambia, "Mjomba, unaishi uchi." Akaniwekea Signal, programu ya kutumiana ujumbe kwa siri. Akanieleza kwamba WhatsApp nayo inafunga ujumbe tangu 2016, tena kwa kufuli ileile waliyoibuni watu wa Signal, ila wenyewe wanabaki wakijua umeongea na nani na saa ngapi. Telegram ndiyo usiseme: usipoanzisha mazungumzo ya siri kwa mkono wako, kampuni inabaki na ufunguo. Nikamwambia, mtoto, niliongea na nani na saa ngapi hata mlinzi wa jirani anajua. Hakunisikia. Na alichosahau kunieleza ni hiki: ukiingia Signal, aliye humo mwenye nambari yako anaweza kuletewa habari kwamba umefika. Programu ya kunificha, kazi yake ya kwanza ikawa kunifufua kama Lazaro, mbele ya mtu mmoja tu ninayemwogopa.

Basi. Dada yangu wa Kolwezi akanitumia dola 40 kwa telefone, kimyakimya. Bibi yangu asijue, maana kwa habari nilizompa mimi mwenyewe, yale mabati yalilipwa mwaka jana.

Ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Kwa ajili ya usiri nikaenda kabini ya mbali, kabini ndiyo meza ya kutolea feza ya telefone, huko soko la Kenya, komini ya mji wetu, si ile nchi. Watu saba chini ya mwavuli mmoja. Nikainama, nikanong'ona nambari yangu. Mama wa kabini akairudia tarakimu moja moja, kwa sauti ya wale vijana wanaoita abiria wa Likasi. Akaiandika kwenye kaye, chini ya nambari za wote waliopita tangu Jumatatu, jina na feza pembeni, na kaye imefunguka juu ya meza, upepo unawageuzia kurasa wale waliokaa upande wa pili.

"Papa Dodo! Dola makumi ine! Toka Kolwezi!"

"Mama, polepole."

"Polepole ya nini, Papa? Shi ni feza yako? Haukuiba."

Watu saba wakanitazama, kuhakikisha kwamba sikuiba.

Telefone ikadai nambari ya siri. Miaka yote nambari yangu ilikuwa mwaka aliozaliwa mtoto wangu Dodo. Msomi akasema wezi wanaanzia hapohapo, badilisha, Mjomba. Nikabadilisha. Nikaweka nini? Kidole kwa mazoea kikapiga 1997. Ikakataa.

"Umepiga ngapi, Papa?"

"Mama, hiyo ni siri."

"Shi imekataa? Basi haiko siri tena. Sema."

Mpaka leo sijapata jibu la hoja ile. Nikasema.

"1997? Dodo?" Sauti ilitoka nyuma ya beseni la samaki wakavu. Kumbe ni mama wa mtaani kwetu. Niliikimbia Katuba, Katuba ikanitangulia. "Mzee Kabila aliingia huku mwezi wa ine 1997, na Dodo alikuwa anatembea. Miye nilimubeba na mugongo!"

Kijana mmoja, ambaye yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa, akasema ni 1998. Mwingine akauliza kama Dodo ni yule mrefu au ni yule aliyeenda Zambia. Nikapaza sauti: jamani, mwaka wa Dodo hauhusiki, nimeubadilisha! Nani asikie? Mama wa kabini akanyakua telefone na, kwa wingi wa kura, akapiga 1996. Ikakataa. Imebaki mara moja, ikikataa inafungwa.

Kimya. Hata beseni lilinyamaza.

Ndipo mzee mmoja kwenye benchi, aliyekuja kununua initi za kupigia simu tu, akauliza, "Papa, ulioa mwaka gani?" Nikasema nadhani 1994. "Hapana. 1995. Bia iliisha kabla ya usiku wa manane, njo vile nakumbuka."

1995. Ikakubali. Watu wakapiga makofi.

Nilikuwa nimeweka mwaka wa ndoa, nikiamini hakuna anayeukumbuka. Na kuhusu mimi nilikuwa sahihi. Tena angalieni: miaka yote ile nilikuwa salama bila kujua, kwa sababu mwaka wenyewe wa Dodo nilikuwa nimeukosea.

Kabla sijahesabu noti, mtoto wa mama wa kabini, aliyeshikilia telefone, akabonyeza ujumbe wa sauti. Dada yangu huyo, spika imefunguliwa mpaka mwisho: "Kaka, feza imefika? Usimwambie bibi yako ile ya mabati!" Msomi anasema ujumbe unafungwa toka ncha moja hadi ncha nyingine. Sawa. Ncha yangu iko chini ya mwavuli, soko la Kenya.

Nimechoka, kusema kweli. Eti niwaogope watu wa California, wenye WhatsApp. Wa California ana haja gani na mabati yangu? Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu, inaenda kwenye betri za watu, na betri yangu mimi inakufa kabla ya chakula cha mchana. Umeme, tuache. Usiri kamili niliuonja mara moja tu: ile 31 Desemba 2018, intaneti ilipokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi. Karibu siku 20 hakuna aliyejua habari zangu, hata mimi mwenyewe.

Kwenye teksi-basi jirani yangu alisoma ujumbe wangu begani, halafu akaniomba nirudishe juu kidogo, mwanzo ulimpita.

Nilipofika nyumbani, bibi yangu alikuwa ameinama kwenye mbabula. Hakugeuka.

"Karibu, Papa Dodo. Makofi yalikuwa mengi?"

Akanyoosha mkono wa nyuma, kiganja juu. Nikaweka. Jioni ileile kukawa na mfuko wa unga wa kilo 25 nyuma ya mlango, ule unaopita Kasumbalesa, na ninyi mnajua bei yake ikisikia tu kwamba Zambia mvua haikunyesha. Na ukikipima hicho kilo 25 utakuta ni 23, mbili zimekunywa chai mpakani. Halafu mtu anakuja kukuambia unaishi uchi, akiwa na bonge la tatu la bukari mkononi, na sombe yote ameshaivuta upande wake wa sahani