Toboeni ukuta, jamani

Jumapili nilikuwa Miyuji, hapa Dodoma, kwa rafiki yangu aliyejenga kwenye kiwanja cha mteremko. Chini ya nyumba kapata besimenti ya kulaza gari, na kwa ndani kaweka meza ya ufundi na jiriwa. Pazuri, sikatai. Nikamwomba bisibisi ya nyota nikaze kibao cha namba ya gari. Akavuta kiroba kutoka chini ya meza, akakimwaga sakafuni: spana, patasi, tupa, kamba, mswaki uliozeeka. Bisibisi haimo. Na kuta zote zimepigwa skimu na rangi nyeupe, hazina hata msumari. Nikauliza kwa nini asitundike vifaa. "Kaka, usiniharibie ukuta."

Ukuta anauangalia nani kule chini? Gari? Sebuleni nanyamaza, mama mwenye nyumba ana neno lake. Lakini besimenti! Tunalinda weupe wa rangi, halafu tunarudi dukani kununua bisibisi nyingine kwa sababu mbili za mwanzo zimelala kwenye kiroba.

Najua hofu hii imetoka wapi. Fundi anakuja na msumari wa inchi mbili, anaugongea kwenye plasta, shelfu inakaa wiki, inashuka na kipande cha plasta. Basi lawama kwa ukuta. Jamani, plasta ni ngozi tu ya saruji na mchanga, sentimita moja na nusu hivi. Kinachobeba mzigo ni tofali. Chukua drili ya kugonga, biti ya milimita 8, fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu tunduni) ya namba hiyohiyo, na skrubu ndefu: ikishavuka mbao na plasta, ibakize sentimita nne au tano ndani ya tofali. Ukiona biti inazama bila kubisha, umeangukia kwenye maungio ya tofali, sogea kidogo.

Na wala huhitaji matundu mengi. Mbao ya inchi moja kwa sita, hizi mbao laini za kutoka Mafinga zinatosha, mpelekee mwenye mashine aipasue katikati kwa urefu, msumeno ukiwa umelazwa nyuzi 45. Kipande kimoja unakifunga ukutani kiwe reli, ncha yake kali ikiwa juu na mbali na ukuta. Cha pili unakigeuza na kukifunga nyuma ya ubao wa kutundikia vifaa, ncha ikitazama chini. Vinaumana. Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo ubao unavyobana. Mwakani ukitaka misumeno ikae upande wa pili, unainua ubao na kuupachika kwingine kwenye reli hiyohiyo, drili imelala zake.

Ila ukuta unaozuia udongo wa mlimani uacheni. Januari mvua zikikolea, unyevu unapenya, plasta inachanua chumvi, skrubu zinashika kutu. Na mchwa wa Dodoma hawasubiri kadi ya mwaliko. Tumia ukuta ambao nyuma yake hakuna udongo, mbao iwe imetiwa dawa, na isiguse sakafu.

Wale wa makabati nimewasikia. Vumbi, mnasema. Haya, kwa shingo upande: upepo wa Agosti hapa unaujua mwenyewe, kwa hiyo grenda na drili ziingie kabatini, ziokoe mota zake. Vingine vyote viwe wazi machoni. Kabati lenye milango ni kiroba kilichopigwa vanishi.

Wapangaji, tengenezeni fremu ya kusimama yenyewe, muachane na ugomvi wa mwenye nyumba. Na petroli ya jenereta, nawasihi kwa dhati, isikae kule chini kabisa, si ukutani si sakafuni. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini, na besimenti ndiyo chini yenyewe. Cheche moja ya grenda inatosha.

Kabla ya kutoboa, ingiza gari kwanza. Fungua milango yote mpaka mwisho, uchore kwa chaki pale inapofika, ndipo upime shelfu zako. Vitu vizito viwe chini, vyepesi juu, na misumeno usiitundike usawa wa kichwa cha mtu anayeshuka garini.