Kila Nadharia Hujaribiwa Nyumbani Kwangu

Yeyote atakayeniuliza ni maradhi gani yaliyowashika wanaume wa mtaa wetu hapa Malindi, nitamjibu bila kusitasita kwamba ni elimu ya umeme. Ikisha kusaliwa Alasiri, hakuna anayekwenda kujinyoosha. Wote hukutana barazani, mbele ya kibanda cha fundi redio, kahawa tungu ikizunguka katika vikombe vidogo, na hapo hukatwa hukumu juu ya vyombo vyangu. Nasema vyombo vyangu kwa sababu vya kwao havijadiliwi. Mimi ndiye mwenye feni inayonguruma, friji inayotoka jasho na simu iliyovimba, basi mimi ndiye maabara ya mtaa, na kama ilivyo desturi ya maabara, hakuna anayeiuliza kama imekubali.

Tuanze na feni. Feni yangu ya dari iliingia ukaidi wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijaingia, siku ambazo hata pazia la mlangoni halitikisiki na watu hulala sakafuni wakitafuta ubaridi wa saruji. Nikibonyeza swichi, ilikuwa inanguruma pale pale juu bila kugeuka, mpaka nipande kwenye kiti, nisukume bawa moja kwa mpini wa ufagio, niiname upesi, na ndipo ichukue mwendo. Mtu mwenye akili zake angemwita Fundi aje na ngazi. Nami nilikuwa njiani kumwita, lakini ili kufika kibandani kwake ni lazima mtu apite barazani, na barazani hakuna anayepita bila kuulizwa habari za nyumbani.

Mwalimu mstaafu, aliyesomesha jiografia mpaka nywele zikamwisha, alitangaza kwamba tatizo ni volti. Umeme wetu, alisema, unatakiwa uwe volti 240, lakini jioni kila mtu akiwasha vyake hushuka, na feni ikikosa nguvu hushindwa kuanza. Kijana mmoja tunayemwita Bwana Volti, ambaye kwa jina hilo ungedhani angeiunga mkono hoja ya volti, aliipinga papo hapo na kusema ni beringi zilizoliwa na chumvi ya bahari. Kisha Mzee wa Ngomeni akaweka kikombe chini. Huyu akiweka kikombe chini, wengine hunyamaza.

"Wanangu," alisema, "feni hizi hutengenezwa huko kaskazi ya dunia. Sisi tuko kusini ya ikweta. Feni inazunguka kinyume na ardhi inavyotaka."

Nilitarajia watu wacheke. Badala yake Mwalimu alikaa sawa, macho yakamng'aa, akaeleza kwamba hata maji yanayoshuka kwenye tundu la karo huzunguka upande mmoja kaskazini ya ikweta na upande mwingine kusini yake, kwa nguvu iitwayo Coriolis. Bwana Volti akadai ushahidi. Ushahidi ukahitaji maji, maji ya mfereji hayakuwapo siku hiyo, na madumu pekee yaliyojaa yalikuwa yangu, niliyoyanunua asubuhi kwa mwenye mkokoteni. Ukahitajika pia mteremko wa maji. Beseni langu halikuwa na tundu. Sasa linalo.

Maji yalizunguka kulia, yakamiminwa mengine yakazunguka kushoto, yakamiminwa mengine yakashuka moja kwa moja bila kuonyesha kwamba yanaijua ikweta. Hapo ndipo Mwalimu alipotufahamisha, baada ya beseni kutobolewa na dumu kukauka, kwamba Malindi iko takriban nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, mahali ambapo nguvu hiyo inakaribia kutokuwapo, na kwamba hata huko London beseni ni dogo mno kuihisi, kwa maana nguvu yenyewe hugeuza tufani za mamia ya kilomita na mikondo ya bahari, na maji ya beseni huamuliwa na mkono wa aliyeyamimina. Nilimuuliza kwa adabu zote kwa nini hakulisema hilo kabla. Alinijibu kwamba mwanafunzi hufahamu zaidi anapojionea mwenyewe.

Fundi alikuja usiku, baada ya Isha, akifunga sala zake na bisibisi mfukoni. Alifungua kikombe cha feni, akachomoa kidude cheusi chenye nyaya mbili, kilichoandikwa maikrofaradi 2.5, akasema, "Kapasita imechoka." Akanieleza kwamba mota ya feni ina koili za aina mbili, na kazi ya kapasita ni kuchelewesha na kutanguliza umeme kati yake ili usumaku uzunguke. Kapasita ikidhoofika, usumaku husukuma na kuvuta papo kwa papo, mota hunguruma, lakini haijui ielekee wapi mpaka mtu aipe mwelekeo kwa ufagio. Alitia mpya, akabonyeza swichi, feni ikazunguka, akachukua hela yake akaenda zake. Kesho yake nililipeleka jawabu hilo barazani nikidhani watafurahi. Walilipokea kwa huzuni. Mwalimu alisema kapasita ni dalili tu, na chanzo bado hakijajulikana.

Sasa ni lazima nimwelezee huyu Mzee wa Ngomeni, kwa kuwa asingekuwapo yeye ningekuwa nimeshapata amani. Katika ujana wake alipakua magunia ya mchele kwa wapishi wa Waitaliano waliokuwa wakirusha roketi huko kwao Ngomeni, kwenye majukwaa ya San Marco na Santa Rita yaliyosimama baharini kwa miguu ya chuma, na kwa cheo hicho cha mchele hujihesabu miongoni mwa wahandisi. Tabu iliyopo ni kwamba anayoyasema juu ya roketi ni kweli tupu. Ni kweli kwamba setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka pale iliondoka Aprili 1967. Ni kweli kwamba tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya aina ya Scout iliondoka pale ikiwa na setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani peke yake, na ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeuongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mzee huyasema yote haya bila karatasi, na ukimuuliza kwa nini walichagua Ngomeni, atakueleza kwamba karibu na ikweta ardhi huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea huko hupata msukumo wa bure, na tena mashariki yetu ni bahari tupu, chuma kikianguka hakimwangukii mtu.

Nani atathubutu kumpinga mtu wa namna hiyo? Akitoka kwenye setilaiti, huingia moja kwa moja kwenye friji yangu kwa sauti ile ile, na watu waliokwisha kutikisa kichwa kwa Uhuru huendelea kutikisa kichwa kwa friji. Nimejaribu kuwaeleza kwamba mtu anaweza kuijua anga na asiijue jokofu. Niliambiwa nina kiburi.

Friji yenyewe ilikuwa ikitoka jasho mlangoni na mota yake haipumziki. Mzee alisema gesi imekwisha, kwa hivyo nikaizima na kuisogeza uani ili ipigwe na upepo, samaki wangu wakaenda kulala kwa jirani, na nguru mmoja hakurudi. Bwana Volti ndiye aliyekumbuka kipimo cha noti, na kwa hilo simnyimi haki yake: unafungia noti mlangoni kisha unaivuta, ikitoka bila kushikwa ujue mpira wa mlango umelegea na hewa ya joto yenye unyevu inaingia, nayo hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Noti ya shilingi 1,000 iliazimwa kwangu. Ilipita kwenye mpira bila kizuizi chochote, ikaendelea kupita mkono hadi mkono watu wakithibitisha matokeo, mpaka ikamfikia muuza kahawa, na huko ilishikwa barabara.

Baada ya hapo ikaja paneli ya jua. Ni mali ya Bwana Volti, lakini nyumba yao imeezekwa makuti, naye anadai makuti hayafai kwa utafiti, basi ikapandishwa kwenye bati langu kwa skurubu ambazo tangu hapo zinanivujia kila mvua ya vuli. Imeandikwa wati 100. Saa sita za mchana, jua likiwa utosini, ilikuwa ikitoa pungufu sana ya hizo, na asubuhi moja ya mawingumawingu yenye upepo ikatoa nyingi kuliko ilivyotarajiwa, jambo lililozua ugomvi wa wiki nzima. Mwalimu alisema wachina wamepunja. Ukweli, ambao Fundi aliutoa bila kuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomelea risasi, ni kwamba wati zilizoandikwa hupimwa paneli yenyewe ikiwa na nyuzi joto 25, na kwa kila nyuzi inayozidi hapo hupungua kama asilimia 0.4. Paneli iliyolala juu ya bati la Malindi mchana huweza kufika nyuzi 60, kwa hivyo asilimia 14 hivi huondoka kwa joto peke yake. Dawa ni kuiinua kidogo ili upepo upite chini yake. Yaani skurubu zaidi.

Kisha kuna kunguru. Kunguru wa Malindi hawana haya, na wameipenda ile paneli kwa sababu inawapa mandhari. Uchafu wao ukifunika seli moja tu, zilizofungwa nayo mfululizo hubanwa zote, kama tuktuk moja inavyozima katikati ya kichochoro na kuwazuia walio nyuma. Utafiti ukahitimisha kwamba paneli ioshwe kila asubuhi. Kwa ndoo yangu, kwa ngazi yangu, na kwa umri huu wangu, kwa sababu Bwana Volti ana kizunguzungu cha mahali pa juu.

Habari ya simu nitaipitia upesi kwa kuwa bado inanitisha. Betri yake ilivimba mpaka kioo kikainuka, nami huwa nailaza chini ya mto ikiwa kwenye chaja, joto juu ya joto. Bwana Volti alipendekeza itobolewe kwa sindano ili hewa itoke, na Mzee akaafiki akisema hata tairi hufanyiwa hivyo. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia Fundi akipaza sauti. Alisema betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto papo hapo na moshi wake ni sumu, akainyakua simu, akaitia ndani ya mkebe wenye mchanga mkavu, akauweka mbali na makuti. Baraza zima liliinuka na kusogea upande wa pili wa barabara, na kutoka huko likaendelea kujadili iwapo Fundi hajatia chumvi.

La sasa ni tokeni za umeme wa kulipia kabla. Tokeni zangu zinakwisha upesi, na nilifanya kosa la kulisema hilo mbele ya watu wenye nafasi. Mwalimu anasisitiza kwamba mwizi ni chaja ya simu inayoachwa kwenye soketi. Nimemwonyesha hesabu: chaja nzuri isiyo na simu hula sehemu ndogo tu ya wati, taa ya wati 9 huhitaji zaidi ya saa 100 kumaliza yuniti moja, na pasi ya wati 1,000 huimaliza yuniti hiyo kwa saa moja ikiwa haijazimika. Nilimwonyesha hesabu hiyo chumbani kwangu, kanzu yake ya Ijumaa ikiwa inapigwa pasi pale pale, kwa sababu kwake tokeni zilikuwa zimekwisha.

Hesabu haikutosha. Wameazimia sasa kwamba nizime nyumba nzima, kisha tuwashe chombo kimoja kimoja, kila kimoja usiku kucha, na namba za mita ziandikwe kila saa mpaka alfajiri. Mke wangu amesema siku ya feni kuzimwa atakwenda kulala kwa mamake na ataondoka na beseni zilizobaki. Nikawaambia jamaa, kwa upole, kwamba utafiti huu ni mzuri, ila safari hii uanzie nyumbani kwa Mwalimu. Baraza likanyamaza, Mzee akaweka kikombe chini, watu wakamtazama Mwalimu, naye akasema haiwezekani, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshika daftari.